Ile Nyeusi Iko Moto

Bukavu, Kadutu, 14 Septemba 2024

Kwako Tonton Stanislas,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Uliniuliza kwa nini nilikubali haraka hivyo kukupimia hizi console ndogo za mkononi, za kuchezea michezo. Ni kwa sababu ya hadithi zilizomo. Katika jeu, michezo ya zamani, watu hawana sauti. Maneno yao yanatokea kwenye kioo, chini ya écran, yanasimama, yanakungoja mpaka ubonyeze. Mimi huyasoma kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani, ya mfalme, ya muuza dawa, ya mwizi, na ulimi wangu haukwami. Mbele ya watu unajua mwenyewe ninavyokuwa. Nikitaka kumjibu mwalimu, wenzangu wanaweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kabla sijatoa neno la kwanza. Ndiyo maana ninakuandikia, na ndiyo maana sitaki unipigie kwenye simu ya Mama.

Sasa salamu. Mama hajambo, kazi ya bureau inamchosha lakini anacheka. Mdogo wangu Élodie ameanza mwaka wa kwanza wa msingi na anamsahihisha kila mtu nyumbani. Mvua imerudi, ngazi za kushuka kwetu zimekuwa sabuni. Courant ya umeme inakuja inapotaka.

Nimezipima zote tatu ulizotuma. Nimetoa cote, alama kama za shuleni, juu ya ishirini.

Ya kijivu: 14. Ile croix, kitufe cha msalaba cha kidole gumba cha kushoto, ni laini kidogo lakini inatii. Écran inasomeka hata ukikaa barazani. Betri inaanza baada ya misa ya kwanza na inafika chakula cha jioni. Élodie aliiangusha kwenye sima, mtihani ambao sikuupanga, na inaishi bado.

Ya njano: 11. Sauti inachelewa. Shujaa anaruka, anatua, anaendelea na safari, ndipo unasikia ameruka, kama vile sauti inatoka ng'ambo ya ziwa, Rwanda. Mtu asiyependa sauti ataivumilia.

Kuna kitu kimenikasirisha katika zote. Boksi linasema jeu elfu kumi, kwa maandishi ya dhahabu. Nimefungua carte mémoire, kadi inayotunza jeu, nikaangalia. Jeu moja ya mbio za magari imeandikwa upya kwa majina mengi, wamebadilisha rangi ya gari tu. Huo ni uongo. Tafadhali chubua hiyo étiquette ya boksi kabla ya kuuza.

Ile nyeusi iko moto. Usiuze. Ninasikitika kusema hivyo, kwa sababu ina écran nzuri kuliko zote na vitufe vyake ni vya kwanza. Lakini nikiichaji, mgongo wake unakuwa kama pasi. Baada ya juma moja betri imevimba mpaka kifuniko kimeachana. Mtoto akiishika wakati inachaji ataungua. Cote yake ni 4, na hizo nne ni za écran.

Mpwa wako,
Nathanaël


Nairobi, 9 Oktoba 2024

Professeur wangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Msalimu dada yangu Godelive, mwambie viatu alivyotaka nimeviona lakini namba yake imekwisha. Mguu wangu umepona. Duka linakwenda. Nimepata kijana Mkenya wa kunisaidia, anaongea mpaka mteja anasahau alikuja kununua nini.

Ripoti yako nimeisoma mara mbili nikicheka peke yangu. Eti sauti inatoka Rwanda! Nani alikufundisha kuandika hivyo? Hapa watu wa matangazo wanalipwa vizuri na hawawezi nusu ya hiyo. Kuhusu étiquette, mpwa wangu, inatoka kiwandani. Nikiichubua, boksi linaonekana limeshatumika, na watu wa Bukavu unawajua, watasema ni occasion, mtumba.

Nimetuma katoni kwa Philémon, yule mwenye kiosque pale Nyawera. Zimepita Kampala, zimepita Kigali, ninaomba Mungu zipite na mpaka wa Ruzizi. Nimeazima maneno yako machache kwa ajili ya tangazo. Usiogope, hutalazimika kusema chochote mbele ya mtu. Hilo nimelifikiria. Nimekutafutia sauti.

Soma kwa bidii.

Tonton wako,
Stanislas


Bukavu, 3 Novemba 2024

Tonton Stanislas,

Mama anakusalimu. Élodie anakusalimu. Mimi nitakusalimu mwishoni, nikiweza.

Jumanne shuleni, wakati wa mapumziko ya récréation, Murhula wa darasa letu alikuja na simu ya kaka yake. Aliiweka juu ya ukuta, watu wakazunguka. Nikasikia jina langu. "Mimi ni Nathanaël wa Bukavu, Professeur wa consoles. Zote nimezipima mwenyewe. Ile nyeusi iko moto! Écran ya kwanza, vitufe vya kwanza. Iko moto, iko moto! Fika kwa Philémon, Nyawera, useme Professeur amekutuma."

Ilikuwa sauti ya kijana. Ilikuwa inatiririka kama robinet siku maji yanapokuja kwa nguvu. Haikukwama hata mara moja.

"Eh, Nath," Murhula akasema, "kumbe unajuaka kusema! Ulikuwa unatufichaka?"

"Aseme tena. Professeur, sema basi 'iko moto'," mwingine akadakia.

"I-i-i-i," Benoît, naye wa darasa letu, akafanya, na uso wake akaukunja kama ninavyoukunja mimi. Walicheka mpaka kengele.

Unaelewa ulichofanya? Ningekuwa bubu wangesema Nathanaël ni bubu, yamekwisha. Sasa kuna Nathanaël mwingine anayesema vizuri, na mimi ndiye nakala mbovu yake. Lakini hilo ni langu, nitalibeba. Kinachonichoma zaidi ni neno. Nilikuandikia "iko moto" kwa maana ya moto. Moto wa kuchoma. Baada yake nikaandika "usiuze". Wewe ukakata pale ulipotaka, kama mtu anayechukua nyama na kuacha mfupa kwenye sahani ya mwenzake.

Nilikwenda Nyawera siku ileile na uniforme yangu ya shule. Nyeusi zilikuwa mbele kabisa, zimepangwa kama askari. Philémon alinipokea kwa mikono miwili.

"Professeur mwenyewe! Batu banakuja hapa wanasema, 'Leta ile ya moto.' Ya kijivu inalala tu, hata bure hawaiangalie."

Nikajaribu kumwambia. Nilianza, "Ha-ha-ha-haifai." Yeye alifikiri ninacheka, akacheka pamoja nami. Wakati huo baba mmoja alikuwa amesimama pale na mtoto wake wa kiume begani. Alichukua nyeusi. Nilitaka kumwambia "usinunue". Ile "u" ilikaa kooni. Nilimwona anapokea chenji, nilimwona anavuka barabara, na "u" bado iko kooni. Alipopotea nyuma ya taxi ndipo neno likatoka, na nikalisema kwa Philémon, ambaye hakuelewa linamhusu nani.

Kwa hiyo ninataka vitu viwili. Umwandikie Philémon azitoe nyeusi zote mbele ya watu. Na ufute ile sauti.

Salamu sijaziweza.

Nathanaël


Nairobi, 24 Novemba 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo hata kama wewe umeninyima salamu. Godelive anakulea vizuri, ninajua hasira hiyo si yake. Huku mvua ndogo imeanza na barabara ya dukani kwangu imekuwa mto. Nimekula samaki jana nikakumbuka sambaza, dagaa wa huko, nikasikitika.

Usikasirike kwa kitu kidogo. Miaka mitatu sasa niko Nairobi, na huku lugha ni nyingine. Kitu kikiwa moto, ni kizuri. Wimbo uko moto, gari iko moto, hata msichana, samahani. Mimi nilisoma "ile nyeusi iko moto", halafu nikasoma écran nzuri, vitufe vya kwanza, nikasema kijana wangu ameipenda hii. Ni nani angesoma vingine? Makosa ya lugha yanatokea hata kwa maaskofu.

Halafu karatasi yako ilifika imelowa. Mstari uliofuata haukusomeka kabisa, wino umeenea kama mafuta kwenye maji.

Sauti uione kama zawadi. Leo ni nani pale Bukavu asiyelijua jina lako? Siku moja utanishukuru. Kuhusu Philémon, nitaona naye. Tunaelekea Noeli, na Noeli ndiyo mavuno ya mfanyabiashara.

Tonton wako,
Stanislas


Bukavu, 8 Desemba 2024

Tonton,

Sisi wa nyumba hii tuko wazima. Ninaandika "wa nyumba hii" makusudi.

Chini ya ngazi zetu anakaa maman Fabiola, unamkumbuka, alikuja kwenye matanga ya bibi na sufuria kubwa. Ana binti anayeitwa Carmel, yuko mwaka wa nne wa msingi. Carmel alipata asilimia sabini na mbili shuleni, kaka ya mama yake akamwahidi atakachotaka. Akataka console. Wakamuuliza ipi. Akasema, "Ile Nathanaël wa juu alisema iko moto."

Jumapili iliyopita ilikuwa inachaji. Aliishika ili aone kama imejaa. Kifuniko kiliruka na ile betri ikatoa moshi, halafu moto. Plastiki iliganda kwenye kiganja chake cha kulia. Nilisikia kilio nikiwa kwetu juu, nikafikiri ni Élodie.

Jioni maman Fabiola alipanda kwetu. Hakubisha hodi.

"Godelive, ita mutoto wako. Nataka anisemeshe na ile kinywa yake ya ku simu."

Nilitoka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya dawa ya hospitali kwenye kitenge chake.

"Sema. Ku simu unasema kama député wa bunge. Leo kinywa iko wapi?"

Nilifungua mdomo, Tonton. Hakikutoka kitu. Hata "pole" haikutoka.

"Mutoto yangu alikuamini!" akasema. "Hakuamini Philémon, hakuamini Bachina wa kiwanda. Wewe! Yule kijana wa vitabu, hasemake hovyo, akisema ni kweli. Njo vile alisema!"

Mama alikuwa hajaisikia ile sauti. Nilikuwa nimemficha. Maman Fabiola akaicheza hapo hapo, mara mbili.

"Hii haiko sauti ya mutoto wangu," Mama akasema.

"Jina ni ya nani?"

Maman Fabiola alishuka bila kuaga.

Ndipo nilipompa Mama barua zako zote mbili. Alizisoma akiwa amesimama. Alipofika pale kwenye wimbo na gari na msichana alicheka, lakini si kicheko unachokijua.

"Moto ni sifa? Stanislas ndiye anasema vile? Wakati ya stage yangu ya kujifunza kazi ni yeye alikuwa anabaki na wewe hapa. Kila saa ananipigia ku bureau: 'Godelive, mutoto iko moto, nimupatie dawa gani?' Siku ile alikuwa anakusifu?"

Tonton, ulizaliwa Kadutu. Umeishi hapa miaka thelathini na kitu. Ulijua. Na kama hukujua kwa sababu ya lugha ya Nairobi, basi uliusoma vizuri mstari wa "écran nzuri", ambao unakuja baada ya "usiuze". Karatasi ililowa wapi? Katikati tu? Maji yalichagua neno moja? Mwenye sababu moja naweza kumsikiliza. Wewe umenipa mbili, na moja inaiua nyingine. Ama ulisoma vibaya, ama hukuweza kusoma. Chagua.

Sikuombi pole. Ninataka barua moja, kwa mkono wako, kwa Philémon: nyeusi zisiuzwe tena. Yeye anasema mali ni yako na bila neno lako haondoi hata moja. Jana bado anauza. Andika leo.

Nathanaël


Nairobi, 27 Desemba 2024

Kwa Nathanaël,

Noeli njema kwenu nyote na heri ya mwaka unaokuja. Huku tulikula mbuzi, tukawakumbuka. Mwambie Godelive namba ya viatu imepatikana.

Nimefikiri sana juu ya tatizo hili, na nimeliona lina njia. Wewe watu wanakuamini. Andika karatasi moja fupi tu: kwamba umechunguza, na kwamba mtoto alichaji kwa chaja kubwa ya simu ambayo haifai. Uweke sahihi. Philémon ataibandika kwenye kiosque. Watu watatulia, na mali itaisha kabla ya Pasaka. Sauti nitaiondoa baadaye, nakuahidi.

Mambo ya familia hayapelekwi barabarani. Na wewe ni mtu mwenye akili, hebu jiulize, mwezi wa kwanza minerval, ada ya shule yako, inatoka kwa nani? Sisemi kitu. Ninauliza tu.

Stanislas


Bukavu, 12 Januari 2025

Tonton Stanislas,

Mama ameniambia nikusalimu kwa sababu wewe ni mdogo wake. Nimekusalimu.

Hukuuliza habari za Carmel, kwa hiyo nitakupa. Kiganja kinakauka. Daktari anasema vidole vinne vitakunjika vizuri, kidole gumba bado hajui. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zake zinalala chali.

Ile karatasi sitaiandika. Nilikwenda kwa maman Fabiola kuangalia chaja. Ni ule waya mfupi uliotoka ndani ya boksi lako, ukiwa kwenye kichwa kidogo cha chaja ya simu ya vitufe. Ni kama mimi nilivyochaji ile ya kwanza. Hakuna aliyekosea ila aliyeiuza na aliyetuma.

Kuhusu minerval, Mama alikwenda kumwona préfet, mkuu wa shule. Walizungumza, wameelewana. Usijisumbue tena kuuliza.

Sasa nitakueleza nilichofanya, ili usisikie kwanza kwa Philémon.

Barua yako ilifika Jumatano. Mama aliisoma, akaikunja, akaendelea kuchagua maharagwe. Baadaye akaniuliza, "Mupwa akitaka kitu kwa mujomba wake, anaombaka ruhusa?"

"Ha-hapana."

"Sasa unangoja nini?"

Jumamosi asubuhi tulikwenda naye Nyawera. Nilikuwa na bisibisi, tournevis ndogo, beseni la mchanga mkavu na kipande cha katoni nilichoandika nyumbani kwa kalamu nene ya marqueur. Kilisema: CONSOLE NYEUSI INAUNGUZA. ILE SAUTI SI YANGU. LETA NYEUSI, CHUKUA YA KIJIVU, BURE. Chini nimeandika jina langu lote.

Philémon alikisoma, akashika kichwa.

"Maman Godelive, mali ni ya Stanislas! Bure ya nani?"

"Na huyu ni nani?" Mama akanionyesha kwa kidole. "Ni mupwa wake, mutoto wa dada yake. Kwetu mupwa anaingia kwa mujomba anakamata kuku, mujomba anacheka tu."

"Maman, console haiko kuku."

"Hii iko ya kijivu. Kuku yetu pia ilikuwa ya kijivu."

Watu waliokuwa pale walicheka, na Philémon naye akacheka bila kupenda. Halafu akaniangalia mimi, si Mama.

"Petit, ni kweli ile sauti haiko yako?"

Nilisema, "Si-si-si-si," na yeye akaningoja, "si yangu."

"Nilikuwa naonaga wewe unacheka siku ile," akasema. "Mungu wangu." Akaanza mwenyewe kuziondoa nyeusi mbele.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kiosque siku nzima, na leo Jumapili tena baada ya misa. Waliokuja nilijaribu kuwaeleza. Maneno mengine yalitoka, mengine hayakutoka, nikawa naonyesha katoni. Wapo waliocheka. Benoît alipita, akafanya ile "i-i-i" yake, halafu akatoa nyeusi mfukoni mwa koti na kuiweka mezani bila kuniangalia. Nilizifungua moja moja, nikatoa betri, nikazifukia kwenye mchanga. Zilizovimba sikuzilazimisha, niliacha kifuniko wazi nikazifukia nzima.

Yule baba wa mtoto begani alikuja pia. Nilimtambua. Ya kwake ilikuwa haijaungua, ilikuwa imeanza tu kuachana pembeni. Alinishukuru, na mimi sikustahili, kwa sababu ningeweza kumzuia tangu siku ya kwanza.

Za kijivu ziliisha. Waliochelewa niliwapa ya njano, baada ya kuwaeleza juu ya sauti inayochelewa. Mama mmoja aliniuliza cote yake. Nikamwandikia 11 juu ya 20.

"Kumi na moja? Huyo amepanda darasa," akasema. "Mutoto ya kwangu nyumbani analeta tisa na nampa chakula." Akaichukua.

Kijana mmoja wa mtaa wa Panzi alikataa kurudisha ya kwake. Alisema écran kama ile hajaiona. Ni kweli, hajaiona, hata mimi sijaiona. Nilimwomba asiichaji akiwa amelala wala karibu na watoto. Alisema ndiyo ndiyo. Sijui kama atafanya. Wengine watatu Philémon anawakumbuka kwa sura tu, hajui wanakokaa. Bado ninawatafuta.

Kwa Murhula niliomba simu. Niliandika ujumbe mrefu kwenye groupe zilezile za simu zilizopata ile sauti, nikaweka picha ya betri iliyovimba. Sikutia sauti yangu. Niliona maandishi yanatosha.

Nyeusi zote, bila betri, zimo kwenye katoni moja. Philémon anaitia kwenye gari la Kigali keshokutwa, pamoja na barua hii. Usinitumie nyingine kupima. Ukimtumia tena yule kijana wako anayeongea kwa tangazo, mpe jina lake mwenyewe.

Ya kijivu ya mwisho niliiweka kando kwa ajili ya Carmel. Leo alasiri nimeteremka nayo. Maman Fabiola alinifungulia, hakusema ingia wala toka. Carmel alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilimwonyesha, nikageuza mgongo wa console ili aone haujavimba, nikaishika mimi kwanza muda mrefu. Akaficha mikono yake yote miwili chini ya kitenge cha mama yake.

Nimeizima, nimeiacha juu ya meza yao, nimepanda ngazi, nimekaa kukuandikia.

Nathanaël